Sketi Isiyopiga Goti

Hii habari inanionyesha mimi ni mjinga. Nimejaribu kuiandika kwa namna tatu tofauti ili nionekane mjanja, imeshindikana, basi naiandika kama ilivyo. Nyie wawili mliobaki na cherehani pale Rwamishenye mmeniomba niwaachie maelezo ya kazi kabla sijasahau. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo msitegemee sura ya kwanza na sura ya pili. Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Najua mnacheka. Mwalimu anastaafu akifika sitini, mwanajeshi mapema kidogo, na mvalishaji wa wanasiasa wanawake anastaafu siku anapogundua hajui nguo zake zinafanya nini huko nje. Sasa nalima kahawa Izigo, shamba la wakwe. Mti wa kahawa haujali umevaa nini.

Mimi ni mtu wa visiwani, kule ziwani upande wa Muleba. Mama alikuwa anauza dagaa, baba alikuja kuvua kutoka Mara akasahau kurudi. Kisiwani kila mtu katoka mahali pengine, kwa hiyo tunaongea Kiswahili, na tunakiongea kwa kelele, maana injini ya boti haingoji umalize sentensi. Salamu kwetu ni mkono juu, "oya," yamekwisha. Ukimwona mtu kapiga magoti ujue kadondosha kitu. Kihaya nilikikuta Bukoba nikiwa mkubwa, na mpaka leo nakielewa zaidi ya ninavyokisema.

Kwa Ma Adventina, mwenye cherehani hizo, nilikuja kutafuta kazi ya kupiga pasi. Nyie mmemkuta ameshakaa kwenye kiti, anatoa amri kwa fimbo. Mimi nilimkuta bado anasimama, miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na alikuwa anatafuta ya tatu. Siku ya kwanza niliunguza kola ya blauzi ya mwalimu mkuu. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Ma Adventina akaichukua ile blauzi, akaigeuza, akasema, "Waitu, hii sasa ni blauzi isiyo na kola." Waitu ni neno la heshima la Kihaya, unamwambia mkubwa, lakini yeye alikuwa analitumia pia kukukemea, na ukilisikia hivyo masikio yanapata moto. Akakata kola yote, akakunja shingo vizuri. Mwalimu mkuu alipokuja akasema ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Hapo nikajifunza somo la kwanza la ufundi: mteja hajui alichotaka mpaka akione.

Mambo ya kamera yalianza kwa ugomvi. Aliingia mheshimiwa mmoja, diwani wa viti maalum, kashika simu mbele kama anakuja kuonyesha kitambulisho.

"Ma Adventina, umenifanya nini?"

Kwenye video alikuwa anahojiwa na TV ya mtandaoni, kavaa blauzi nyeupe tuliyomshonea sisi. Blauzi ilikuwa inang'aa kama taa. Uso ulikuwa kama chini ya sufuria.

Ma Adventina akaitazama kwa makini. "Mshono hauna kosa."

"Sizungumzii mshono. Nazungumzia uso."

"Uso sikushona mimi."

Mimi nikiwa kwenye pasi nikacheka, na nikaonwa. Kwa kuwa nilikuwa nimeshajiharibia, nikaomba nijaribu kitu. Nikasimama mlangoni, nikajifunika kifuani kitambaa cheupe, nikajipiga picha. Uso mweusi tii. Nikajifunika kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, nikajipiga tena. Nikaonekana mimi mwenyewe, na chunusi zangu. Nikarudia na bluu, na njano, na kahawia. Nikawaeleza kwamba kamera ni kama mtu aliyetoka chumba cha giza. Akiona kitu cheupe anafinya macho, na akifinya, wewe uliye mweusi unapotea. Mheshimiwa akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia hapo mlangoni. Ma Adventina akasema, "Kuanzia leo acha pasi."

Zana zangu mnazo kwenye ile ndoo ya plastiki: futi, chaki, pini, plasta ya kubania maiki, sifongo la kufuta jasho, na simu yenye kioo kilichopasuka. Ile simu msiitupe. Kamera nzuri inambembeleza mtu, kamera mbovu inasema ukweli, na wapiga kura wengi watamwona mgombea kwenye simu mbovu. Halafu kuna kiti cha plastiki. Kila nguo lazima ikalishwe. Mwanamke akisimama mbele ya kioo, nguo inampenda. Akikaa ndipo utajua tabia yake. Sketi inapanda, vifungo vya tumboni vinafungua midomo, koti linapanda mabegani mpaka mtu anafanana na kobe anayechungulia. Kwa hiyo mkalishe, mwambie ainue mkono kama anahutubia, ageuze shingo, apande ile ngazi ya mlangoni kama anapanda gari. Mimi ikipita hapo nilikuwa nasema imepita.

Kuhusu mwili wa mteja, Ma Adventina alinipa sheria moja na naiacha kama alivyoisema. "Usimwambie mtu amenenepa. Mwambie kitambaa kimepungua. Kitambaa hakina ndugu."

Makosa yangu ya miaka hiyo yalikuwa ya kawaida. Kuna mama wa Izigo alitaka kuhojiwa shambani kwake, nikamshonea gauni la kijani, kwa sababu kijani kinampendeza, na kweli kilimpendeza dukani. Shambani, katikati ya migomba, mheshimiwa hakuwepo. Kulikuwa na kichwa na mikono miwili vinazungumzia kahawa. Mume wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisambaza ile video. Mama akanipigia, "Fausti, nilikuja univalishe au unifiche?" Mwingine nilimvalisha shanga nzito, nzuri sana, zikawa zinagonga maiki. Alizungumzia maji safi dakika kumi, watu wakasikia mtu anaosha vijiko. Na vile vistari vyembamba msiviguse kabisa. Kwenye kamera vinachemka kama uji.

Haya yote yalirekebishika. Unabadilisha rangi, unavua shanga, maisha yanaendelea. Mwaka wa tano ndipo alipokuja Mama Eudia.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Kamachumu, mrefu, na sauti ya kumfanya mtu mzima akae vizuri. Alikuwa amekaa dawati moja na Ma Adventina utotoni, wakawa wanaitana "wewe." Alikuwa anagombea udiwani wa kata yake kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alikosa kwa kura chache. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akafungua video ya ile kampeni ya kwanza, akanipa simu.

Kwenye video amevaa gauni pana la kitenge, linapepea. Mwandishi anakuja na maiki, anampita, anakwenda moja kwa moja kwa dereva wake, anamuuliza, "Mheshimiwa, una lipi la kuwaambia wananchi?" Dereva alikuwa amevaa koti.

Nikabana midomo. Akaniona.

"Cheka tu, mwanangu. Mimi nimeshamaliza."

"Sasa Mama, mara hii unataka nini?"

"Nataka mtu akinitazama ajue."

"Ajue nini?"

"Ajue mimi siyo mke wa mtu aliyepotea njia." Akachukua simu yake. "Miaka thelathini nimefundisha watoto waliolowa mgongo mzima kwa ndoo za maji. Kisima cha kule kwetu nimekipigania mpaka watu wamechoka kuniona. Nina miaka sitini na mbili. Nikikosa mara hii sirudi tena, na nikiacha mimi hakuna mwingine anayekitaja. Kwa hiyo nishonee vizuri."

Nilishona vizuri. Nawaambia kwa kifua kipana, ile ndiyo suti bora niliyowahi kushona, na ndiyo inayoniumiza. Rangi ya damu ya mzee, kwa sababu Kamachumu utakuwa na migomba nyuma na udongo chini, na rangi ile haipotei popote. Koti limeishia nyongani, pedi za mabega nyembamba, shingo ya V ili uso upate urefu. Sketi ilikuwa ya penseli, imenyooka, imepita magoti, bitana ndani, haina mpasuo. Mpasuo niliukataa mwenyewe. Wapiga picha wana tabia ya kuzunguka nyuma, nikasema huyu mama hatapigwa picha za miguu. Na mishono nikaipiga mara mbili. Ungeweza kuifunga kwenye boti ukaivuta mpaka Mwanza.

Siku ya kujaribu, Ma Adventina alikuwa chumba cha nyuma na wateja wengine, akawa ananiuliza kwa sauti kupitia pazia.

"Fausti, umemkalisha?"

"Nimemkalisha."

"Umempandisha ngazi?"

"Nimempandisha."

"Umemjaribisha kusalimia?"

"Bado."

Nikamfuata Mama Eudia, nikampa mkono. Tukasalimiana. Nikamwambia anisalimie tena nikiwa kulia, tena nikiwa kushoto, tena kwa mikono miwili, huku naangalia kama mkono wa koti unapanda. Haukupanda hata kidogo. Tulisalimiana kama watu waliopotezana tangu vita. Mama Eudia mwenyewe alikuwa anajitazama kwenye kioo, anacheka peke yake.

"Imekubali," nikajibu.

"Haya," akasema Ma Adventina.

Kamachumu tulifika asubuhi, mimi na mpiga picha wetu Novati, kijana wa video za harusi aliyeajiriwa na ile TV ya mtandaoni. Tulipanga Mama Eudia asimame karibu na soko, azungumze laivu, watu wakipita nyuma yake. Maiki nikaibania kwa ndani ya koti, isionekane, maana ile ya nje inaharibu shingo ya V. Nilimfundisha pia sauti: aongee Kiswahili kilichonyooka, kidevu juu, maneno yatoke mbele. Akaanza. Akaeleza kisima, akaeleza ndoo, akaeleza mtoto wa darasa la pili aliyelala darasani kwa kuchoka. Watu wakasimama. Nikamsikia mwanamume mmoja nyuma yangu akimuuliza mwenzake, "Huyu ni kiongozi gani kaja?" Nikavimba. Dereva alikuwa pembeni kavaa fulana, nilishamkataza koti.

Hapo watu wakapisha. Akaja bibi mmoja mzee sana, kapinda, fimbo mkononi, jirani yake kamshika kiwiko. Walikuwa wametoka kununua chumvi. Mtu akanong'ona, "Huyo ni shangazi yake, dada wa marehemu baba yake." Mimi nikafurahi. Mgombea na mzee, picha gani nzuri kuliko hiyo? Nikampa Novati ishara asogee karibu. Ndiyo, ni mimi. Nilimwita kwa mkono wangu huu.

Sasa nyie wenyeji mnajua kilichofuata. Mtoto wa kike wa Kihaya, hata awe na wajukuu, akikutana na shangazi yake anashuka magotini ndipo salamu inaanza. Mimi nilikuwa nimeliona hilo jambo Bukoba mara mia, sokoni, msibani, nje ya kanisa. Nililiona kama unavyoiona mvua ya jirani. Halikuwahi kuingia kwenye ndoo yangu.

Mama Eudia akaanza kushuka. Sketi ikakaza. Akajaribu kwa upande, ikakaza. Akavuta goti moja nyuma, likagoma. Akabaki katikati, hajasimama hajapiga goti, kama mtu anayetaka kukaa akaambiwa kiti kina rangi mbichi. Bibi, aliyeambiwa na jirani kuna mtu wa kumsalimia, kanyoosha mkono wake chini, pale kichwa cha mtu kinapotakiwa kuwa, na mkono ukakaa hewani peke yake. Miaka mitano nilikuwa naomba mishono yangu isikatike. Siku hiyo nikaomba ikatike, ichanike mpaka kiunoni, nitavua shati langu nimfunike. Haikukatika. Ilikuwa imepigwa mara mbili.

Akanyooka. Akanigeukia mimi, hatua mbili tu kutoka pale, akasema kwa sauti ndogo, "Fausti, nguo imenikataa." Maiki haikulipata hilo, maana ilikuwa ndani ya koti inasuguana na bitana. Halafu akamgeukia bibi, na kwa kuwa kamera ilikuwa puani kwake, akili ikamkimbia, akatoa ile sauti niliyomfundisha, kidevu juu:

"Shikamoo."

Bibi akarudisha mkono kwenye fimbo. "Marahaba, waitu."

Akabaki amesimama, anangoja. Mama Eudia naye kasimama. Umati ukasema "mmh." Shangazi kumwita mtoto wa kaka yake waitu, hadharani. Wote tukalisikia kama kofi. Novati anaendelea kuchukua. Mwisho yule jirani akamshika bibi kiwiko, wakaondoka polepole.

Kabla hatujafika Rwamishenye kipande cha video kilikuwa kimeshafika. Ma Adventina alikuwa nacho kwenye simu, kakaa mlangoni.

"Nilikuuliza kama umemjaribisha kusalimia."

"Nilimjaribisha, Ma. Mkono haukupanda."

"Mkono upi?"

"Wa koti."

Akanitazama muda mrefu, kwanza kwa miwani ya machoni, halafu akashusha ya kichwani akanitazama na hiyo. "Mkono wa koti," akasema. Afadhali angenichapa.

Na yeye Mama Eudia nilimuuliza baadaye, Mama, wewe mwenyewe hukukumbuka? Akanijibu, "Goti ni kama kupumua. Wewe unapojaribu shati unakumbuka kupumua?"

Sasa hapa ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, na sijatoka mpaka leo. Nilitegemea tutatukanwa, na tulitukanwa. "Hata udiwani hajaupata, goti limeshagoma." "Huyu tukimpa, mwakani tutampigia magoti sisi." Sawa, hayo niliyaelewa. Lakini kwenye magrupu mengine watu wakawa wanamsifu. "Hatimaye mwanamke anayejua yeye ni kiongozi." "Mheshimiwa hapigi goti, amewakilisha." Wakabishana wao kwa wao usiku kucha, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu sketi. Asubuhi ikaja simu kutoka mjini, mwanamke mwenye sauti ya ofisini.

"Wewe ndiye Fausti? Nataka ile sketi isiyopiga goti."

"Dada, haipigi kwa sababu haiwezi."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Wiki ile nikashona sketi nne. Wengine walitaka rangi ile ile. Mmoja aliniuliza kama naweza kuibana zaidi. Nilikuwa nashona huku sijui kama nauza nguo au nauza kosa langu.

Nikampelekea Mama Eudia habari hiyo nikidhani nampelekea faraja. "Mama, wapo wanaokusifu. Wengi tu."

"Wanapigia kura wapi?"

"Wengi wao Bukoba mjini. Mmoja yuko Dodoma."

"Basi wawasalimie wa Dodoma."

Nikamwambia nina wazo. Nitamshonea sketi ya marinda, pana, twende kwa shangazi na Novati, apige goti vizuri, turushe hewani. Akakataa kabla sijamaliza. "Nikipiga goti mbele ya kamera nitakuwa nimemsalimia nani? Shangazi au Novati?" Na kwa shangazi hakwenda kabisa. Lile neno waitu lilimkaa kooni. Aliona ameshakataliwa pale sokoni, akaona aibu kurudi.

Kilichobaki nilichoweza ni kuifungua sketi nyuma na kuweka mpasuo. Alipotokea nayo mkutano uliofuata wakasema ameogopa, ameongeza mpasuo. Alipovaa kitenge chake cha zamani wakasema anaigiza unyonge. Nilikaa na ile simu yangu mbovu nasoma maoni, nikajiambia, Fausti, wewe unajua kitambaa cheupe kinafanya nini kwenye kamera. Kitu kingine chochote hukijui.

Alikosa. Kwa kura chache, kama mara ya kwanza, labda chache zaidi. Siku ile matokeo yalipobandikwa nilizunguka Kamachumu nikiuliza watu kama mjinga, kwa sababu nilitaka kujua ni mimi au siyo mimi. Mwanamke wa kwanza, muuza nyanya, akasema alimnyima kura kwa sababu hakupiga goti. Wa pili, meza ya jirani, akasema alimpa kwa sababu hiyo hiyo. Wa tatu alikuwa kijana wa bodaboda. Akaniuliza, "Video gani?" Nikamweleza. Akasema yeye hakuiona, alimnyima kwa sababu alimchapa darasa la tatu. Nikarudi nyumbani na hesabu ambayo haijumlishiki. Kisima hakuna anayekitaja. Watoto bado wanapita asubuhi na ndoo, mgongo umelowa.

Kama mnataka somo, ni hili: baada ya kiti na ngazi, muulize mteja, "Kwenu mnasalimianaje?" Halafu asikuambie, akuonyeshe. Nimemaliza ufundi. Kilichobaki siyo ufundi.

Wiki moja baada ya matokeo Mama Eudia alinipigia, akasema anakwenda kwa shangazi, na kama nina adabu nitakwenda naye. Nilikwenda. Alivaa lile gauni la kitenge, lile lililompa dereva maiki. Bibi alikuwa sebuleni kakaa kwenye mkeka, mlango wazi, uso kautazamisha upande wa jua. Mama Eudia akavua viatu, akashuka magotini palepale mlangoni, gauni likamwagika sakafuni pande zote, akaanza salamu za Kihaya, ndefu, moja inazaa nyingine. Mkono wa bibi ukaja wenyewe mpaka juu ya kichwa chake, ukatua.

"Eudia. Umekonda. Mbona umenitupa?"

Wakaulizana habari za watu nisiowajua, nani mgonjwa, nani kazaa. Nikaona bibi hana hasira hata chembe, na hilo likanichanganya zaidi. Mama Eudia akasema, "Shangazi, huyu niliyekuja naye ni fundi wangu." Nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

"Bibi, siku ile sokoni kosa lilikuwa langu. Nguo niliishona mimi. Usimkasirikie yeye."

"Siku ipi?"

"Siku ya kamera. Ulipotoka kununua chumvi. Yule aliyekusalimia amesimama."

Bibi akageuza uso kwa Mama Eudia, na kwa mara ya kwanza nikayaona yale macho kwa karibu, yamefunikwa na ukungu yote mawili.

"Ulikuwa wewe?"

"Nilikuwa mimi, shangazi."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya kile kichwa. Halafu akanigeukia mimi, au alipodhani nipo, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, ili nielewe:

"Mwanawange, mimi macho yameisha siku nyingi. Mtoto wetu akija, sauti yake inatoka chini. Ile ilitoka juu, nikajua ni serikali. Nikasimama pale nangoja aniambie nimekosa nini."